Uliza Tukujibu: Vidonge vya homa ya ini C na moyo wako

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wenye mzigo wa aina mbili: virusi vya homa ya ini C na ugonjwa wa moyo. Tumeona tuzijibu pamoja. Majina ya dawa tumeyaacha kama yanavyochapwa kwenye boksi, ili uchukue boksi lako ulinganishe herufi kwa herufi. Usisome jina kubwa la biashara lililo mbele peke yake. Soma yale maandishi madogo yanayotaja kilichomo, maana dawa ileile huuzwa kwa majina mengi.

Shikamoo daktari. Mama yangu ana homa ya ini C, na moyo wake hupiga bila mpangilio. Huu ni mwaka wa tatu anameza amiodarone 200 mg kila siku. Kliniki ya ini imemwandikia sofosbuvir na velpatasvir kwa wiki 12. Dada yangu amesikia kwamba dawa hizi zikikutana na ile ya moyo, moyo husimama. Tumevifungia vidonge kabatini hadi tupate jibu. Je, ni kweli?

Marahaba. Viacheni hapo kabatini kwa sasa. Dada yako hakusikia uongo, ila habari imemfikia nusu.

Sofosbuvir peke yake haina tabia ya kuvuruga moyo. Ilijaribiwa hadi 1,200 mg, yaani mara tatu ya kidonge cha kawaida cha 400 mg, na kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha badiliko la kutia hofu. Shida huanza inapokutana na amiodarone. Mnamo Machi 2015, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo baada ya kupokea taarifa za wagonjwa 9 ambao mioyo yao ilipunguza mwendo kupita kiasi baada ya kuanza sofosbuvir pamoja na dawa nyingine ya virusi vya C, huku wakitumia amiodarone. Mmoja alifariki moyo uliposimama. Watatu walilazimika kuwekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Waliobaki walipata nafuu baada ya dawa za virusi, au amiodarone, au zote kusimamishwa. Sita kati yao walizidiwa ndani ya saa 24 za mwanzo, na wengine kati ya siku ya 2 na ya 12. Saba walikuwa wanatumia pia dawa ya presha ya kundi la atenolol na wenzake, ambayo nayo hupunguza mwendo wa moyo. Ulaya ilitoa onyo kama hilo mwaka uleule.

Kwa nini moyo unapunguza mwendo, wanasayansi bado hawajakubaliana kikamilifu. Majaribio ya maabara kwenye chembe za misuli ya moyo yanaonyesha kwamba dawa hizi zikiwa pamoja huvuruga njia za kalisi, na kalisi ndiyo inayouamuru msuli wa moyo kujikaza. Kwa mgonjwa aliye kitandani, hata hivyo, saa na siku tulizozitaja hapo juu zina faida kubwa kuliko nadharia, kwa kuwa ndizo zinazotuambia lini tumkodolee macho.

Sasa, mama afanyiwe nini? Kabla ya kidonge cha kwanza, daktari wa moyo na daktari wa ini wanapaswa kuzungumza. Wazungumze wao kwa wao. Kumtumia mgonjwa kama mpeleka barua ndiko kunakoleta balaa. Swali lao la kwanza: je, mama bado anaihitaji amiodarone, au ipo dawa nyingine itakayomfaa? Wagonjwa wengi waliianza wakati wa dharura, na hakuna aliyekaa tena kuuliza kama ina kazi.

Kama haiwezi kuachwa, swali la pili ni iwapo ini linaweza kutibiwa bila sofosbuvir. Glecaprevir na pibrentasvir huenda pamoja kwenye kidonge kimoja. Mgonjwa humeza vidonge vitatu kwa mkupuo mmoja kila siku, pamoja na chakula, na kwa wengi tiba huchukua wiki 8. Haina sofosbuvir ndani yake. Tahadhari ni kwamba haifai kwa mtu ambaye ini lake limekwisha kushindwa kazi: tumbo limejaa maji, macho yamekuwa ya manjano, anachanganyikiwa, au amewahi kutapika damu kwa sababu ya ini. Mgonjwa wa namna hiyo akipewa dawa ya kundi hilo, ini linaweza kuporomoka zaidi. Ndiyo maana tunasema uamuzi huu haufanywi dukani.

Ikibainika kwamba lazima atumie sofosbuvir na amiodarone kwa pamoja, basi aanzie wodini. Saa 48 za mwanzo awe ameunganishwa na mashine inayofuatilia moyo mfululizo. Kupigwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, mara moja asubuhi na kuruhusiwa kwenda nyumbani hakutoshi: ile karatasi hurekodi sekunde kama 10 tu za maisha ya moyo, na hatari yenyewe inaweza kuja usiku wa manane. Akitoka, mapigo yapimwe kila siku, nyumbani au kliniki, kwa angalau wiki mbili za mwanzo. Makosa mawili huonekana mara kwa mara: kuruhusiwa baada ya saa 24 kwa sababu "yuko sawa tu," na kumeza kidonge cha kwanza nyumbani Ijumaa jioni, wakati kliniki inafunguliwa Jumatatu.

Mkiona yoyote kati ya haya, mpelekeni hospitali papo hapo: kuzimia au kuhisi anataka kuzimia, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, udhaifu, kukosa pumzi, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa au kusahausahau ghafla. Hilo la mwisho familia nyingi hulipuuza zikidhani ni uzee.

Kusubiri wiki kadhaa ili mambo haya yapangwe hakumdhuru mtu ambaye ini lake bado limetulia. Virusi hivi kwa kawaida hukaa mwilini miaka mingi kabla ya kuleta madhara makubwa.

Mimi niliacha amiodarone mwezi mmoja uliopita kwa ushauri wa daktari. Nikianza sofosbuvir wiki ijayo niko salama?

Bado. Amiodarone hujificha kwenye mafuta, ini na mapafu, kisha hutoka kwa kujivuta. Kwa wastani huchukua siku 58 hivi kupungua nusu, na kwa watu tofauti muda huo huwa kati ya siku 15 na 142. Piga hesabu kwa wastani huo: baada ya miezi miwili una nusu, baada ya minne una robo, baada ya sita bado thumuni. Wewe wa mwezi mmoja una sehemu kubwa ya dawa mwilini.

Kwa hiyo aliyeiacha katika miezi ya karibuni hufuatiliwa sawasawa na anayeitumia hadi leo: saa 48 wodini, kisha wiki mbili za kupima mapigo. Mtaje daktari tarehe uliyomeza kidonge cha mwisho. "Nilishaacha" ni jibu linalomnyima hesabu.

Na kwa sababu hiyohiyo, moyo ukipunguza mwendo tayari, kuacha amiodarone siku hiyo hakuleti nafuu ya haraka. Dawa za virusi ndizo zinazotoka mwilini kwa siku chache, kwa hiyo mara nyingi ndizo zinazosimamishwa kwanza, tena na daktari mwenyewe.

Nimeambiwa nipime mapigo ya moyo nyumbani kila siku. Kila nikipima napata namba tofauti. Nakosea wapi?

Huenda hukosei popote, maana mapigo hubadilika. Lakini hakikisha mambo haya.

Kaa kitini dakika tano bila kuzungumza, mkono umeulaza mezani au pajani, kiganja kikitazama juu. Usipime baada ya kupanda ngazi, kunywa kahawa au kuvuta sigara. Chukua kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa pili, uviweke kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, kwenye kale kabonde kalikopo kati ya mfupa na mshipa mgumu. Usitumie dole gumba, kwa sababu lenyewe lina mpigo wake na utajihesabu mara mbili. Bonyeza polepole hadi uusikie mpigo. Ukikandamiza sana unauzima, na hapo watu hushtuka wakidhani moyo umekoma.

Hesabu kwa sekunde 60 kamili. Najua wengi hufundishwa sekunde 15 mara nne, lakini kwa moyo unaopiga bila mpangilio kosa la pigo moja huwa kosa la mapigo manne. Andika tarehe, saa, namba, na neno moja: "sawasawa" au "yanaruka." Pima saa ileile kila siku.

Mashine ya presha ya nyumbani huonyesha mapigo pia, na kwa moyo wenye mpangilio inafaa. Moyo ukiruka-ruka, mashine huweza kukosea, na hata vidole huweza kukosa mapigo dhaifu yasiyofika kwenye kifundo. Mwenye hali hiyo muuguzi amsikilize kwa kipimo cha kifuani angalau mara moja, alinganishe na namba ya mkononi, ajue tofauti ni ngapi.

Kuhusu kiwango cha hatari, mwombe daktari akuandikie namba yako kabla hujaanza dawa. Wengi huweka 50 kwa dakika. Mtu ambaye siku zote yuko 54 hafanani na aliyeshuka ghafla kutoka 80 hadi 54, kwa hiyo andika mapigo ya siku tatu kabla ya kidonge cha kwanza upate pa kulinganishia. Na dalili hushinda namba: ukiwa na 58 lakini unaona giza machoni, nenda hospitali.

Nilisoma kwamba kuna dawa ya hepatitisi C iliyoua mtu kwenye majaribio kwa kuharibu moyo. Ni hizi hizi tunazopewa?

Siyo hizi. Iliitwa BMS-986094, nayo haikufika dukani. Kampuni ya Bristol-Myers Squibb iliipata mwaka 2012 iliponunua kampuni ya Inhibitex kwa takriban dola bilioni 2.5. Agosti mwaka huohuo majaribio yalisimamishwa baada ya mgonjwa mmoja moyo wake kushindwa kusukuma damu. Wagonjwa 9 walilazwa, na mmoja alifariki. Kampuni ikaifuta kabisa. Dawa ya jamii yake, IDX-184 ya kampuni ya Idenix, nayo ilizuiwa na FDA mwezi huo.

Swali lako lina uzito kwa sababu sofosbuvir nayo ni ya ukoo mpana huohuo wa dawa zinazojifanya tofali la kujengea RNA, yaani maagizo ya urithi, ya virusi. Virusi hulichukua tofali hilo bandia, ujenzi unakwama. Tofauti iko kwenye aina ya tofali. BMS-986094 na IDX-184 ziliigiza guanosini, mojawapo ya matofali ya asili ya RNA, na utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba matofali bandia ya namna hiyo huchukuliwa pia na kimeng'enya kinachojenga RNA ndani ya mitokondria, vile vinu vya nishati vya chembe. Msuli wa moyo hauna likizo. Vinu vikidhoofika, ndio wa kwanza kulalamika. Sofosbuvir inaigiza yuridini, tofali jingine, na kimeng'enya hicho cha binadamu hakiipokei kirahisi. Iliidhinishwa Marekani Desemba 2013, na tangu hapo imetumiwa na mamilioni ya watu bila kuleta ugonjwa wa aina ile.

Mimi ni muuguzi. Tuna mgonjwa mwenye sirosisi (ini lililojaa makovu) iliyokwisha kuleta maji tumboni, na zamani alipata mshtuko wa moyo. Daktari anataka kumwongezea ribavirin juu ya sofosbuvir na velpatasvir. Nichunge nini?

Chunga damu yake kabla ya kitu kingine chochote. Ribavirin huvunja chembe nyekundu za damu. Himoglobini, ile inayobeba hewa ndani ya chembe hizo, huanza kushuka ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, na moyo wenye mishipa myembamba ukikosa hewa safi huweza kupata mshtuko mwingine. Onyo hilo limo kwenye maelezo rasmi ya dawa, ndani ya kisanduku: mwenye ugonjwa wa moyo mkubwa au usiotulia asipewe.

Kama ugonjwa wake umetulia na daktari ameamua kuendelea, pima himoglobini na ECG kabla ya kuanza, kisha himoglobini wiki ya 2 na ya 4, na zaidi ikibidi. Viwango vya kupunguza dozi kwa mgonjwa wa moyo ni vikali kuliko vya wengine. Kwa mtu asiye na ugonjwa wa moyo tunasubiri himoglobini ishuke chini ya 10 g/dL ndipo tupunguze ribavirin hadi 600 mg kwa siku, na chini ya 8.5 tunaiacha. Kwa mwenye moyo mgonjwa, kushuka kwa 2 g/dL au zaidi ndani ya wiki nne zozote ni sababu tosha ya kupunguza, hata kama namba yenyewe bado inapendeza. Aliyeanza na 14.5 akafika 12.3 amekwisha kuvuka mstari. Na kama wiki nne baada ya kupunguza bado yuko chini ya 12, ribavirin iachwe.

Kosa la kawaida wodini ni kutazama namba ya leo bila kufungua ukurasa wa nyuma. Kosa la pili ni kudhani kwamba dawa ikiachwa damu itarudi kesho. Ribavirin hubaki ndani ya chembe nyekundu, na nusu yake huchukua siku 12 hivi kutoka baada ya matumizi ya muda mrefu.

Mkumbushe daktari pia kwamba njia nyingine ipo: mgonjwa wa aina hii asiyeweza ribavirin huweza kutibiwa kwa sofosbuvir na velpatasvir peke yake kwa wiki 24 badala ya 12. Ni ndefu, lakini kwa moyo kama huo sisi tungeifikiria mapema.

Nina vidonge vingi: atorvastatin 40 mg ya lehemu, digoxin, warfarin, furosemide na losartan. Natarajia kuanza dawa za homa ya ini C. Kipi kinagombana na kipi?

Losartan na furosemide kwa kawaida hazina ugomvi. Hizo tatu nyingine zinahitaji macho.

Atorvastatin kwanza. Ukipewa glecaprevir na pibrentasvir, usiimeze kabisa: kiwango cha atorvastatin mwilini hupanda zaidi ya mara 8. Ni kana kwamba umemeza vidonge vinane badala ya kimoja. Misuli huanza kuuma na kulegea, mkojo huwa wa rangi ya chai ya rangi, na figo huweza kuziba kwa mabaki ya misuli iliyovunjika. Simvastatin na lovastatin nazo hazitakiwi pamoja na dawa hizo. Pravastatin huruhusiwa kwa nusu ya dozi. Rosuvastatin ina masharti tofauti kwa kila dawa: ukitumia sofosbuvir na velpatasvir isizidi 10 mg kwa siku, ukitumia yenye ledipasvir au voxilaprevir isitumike. Kwa atorvastatin yako, sofosbuvir na velpatasvir ndiyo yenye amani zaidi, lakini toa taarifa ya maumivu ya misuli yasiyo na sababu.

Daktari anaweza kukuambia uache dawa ya lehemu kwa zile wiki 8 au 12. Kwa mtu anayeimeza kama kinga tu, hilo ni jambo la busara. Kwa aliyepata mshtuko wa moyo au kuwekewa stenti (kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo) karibuni, ni afadhali ibadilishwe kuliko kuachwa. Na anayeiacha aandikiwe tarehe ya kuirudia, la sivyo inasahaulika moja kwa moja.

Digoxin: dawa nyingi za virusi vya C, zikiwemo velpatasvir, ledipasvir na daclatasvir, huziba mlango unaotumika kuitoa nje, hivyo hupanda. Pima kiwango chake kwenye damu kabla ya kuanza na tena baada ya kuanza. Kwa glecaprevir na pibrentasvir, dozi ya digoxin hupunguzwa kwa karibu nusu tangu mwanzo. Wewe unatumia pia furosemide, inayopoteza potasiamu, na potasiamu ikiwa chini sumu ya digoxin huonekana hata kwa kiwango cha kawaida. Dalili zake ni kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kuona vitu kwa rangi ya manjano, na mapigo kwenda polepole. Mbili za kwanza watu husingizia dawa mpya ya ini.

Warfarin, dawa yako ya kuzuia damu kuganda, haigombani sana na vidonge vyenyewe. Inagombana na uponyaji! Virusi vikiondoka, ini hurudia kutengeneza vigandisha damu, INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) inashuka, na dozi iliyokutosha mwaka mzima inakuwa ndogo. Pima INR kila wiki mwanzoni, na usiache kupima wiki chache baada ya kumaliza. Usishawishike kuhamia dabigatran, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa haraka ukiwa kwenye glecaprevir na pibrentasvir: miongozo ya Ulaya imeupiga marufuku mchanganyiko huo.

Chuo Kikuu cha Liverpool nchini Uingereza kina orodha ya bure kwenye intaneti inayolinganisha dawa za homa ya ini na dawa nyingine moja baada ya nyingine. Mfamasia wako aifungue mbele yako, mkiwa na vidonge vyote mezani, pamoja na vya mitishamba. Mmea uitwao St John's wort unaweza kuifanya tiba nzima isifanye kazi.

Natumia propranolol kwa ajili ya mishipa iliyovimba kooni kutokana na sirosisi. Niiache nikianza sofosbuvir?

Hapana. Propranolol au carvedilol bila amiodarone haijaonyesha hatari ile, na kuiacha ghafla kunaweza kukuletea kutapika damu. Pima mapigo wiki mbili za mwanzo kama nidhamu tu. Wanaohitaji uangalizi mkali ni wale wanaochanganya vitu vitatu: sofosbuvir, amiodarone, na dawa ya kupunguza mwendo wa moyo, zikiwemo verapamil na diltiazem.

Daktari wa moyo alinipa aspirini na omeprazole ya kulinda tumbo. Je, inaingiliana na dawa ya ini?

Moyo hauguswi, lakini tiba ya ini huweza kuharibika. Velpatasvir na ledipasvir zinahitaji asidi ya tumbo ili ziyeyuke. Kwa velpatasvir, omeprazole haipendekezwi. Ikilazimu, meza sofosbuvir na velpatasvir pamoja na chakula, saa 4 kabla ya omeprazole ya 20 mg, isiyozidi hapo. Kwa ledipasvir, meza vyote kwa wakati mmoja tumbo likiwa tupu, omeprazole 20 mg. Dawa za kiungulia za kutafuna au za maji ziwe mbali kwa saa 4. Watu hushindwa tiba ya wiki 12 kwa sababu ya kidonge cha tumbo ambacho hakuna aliyekiuliza.

Nimepona, kipimo cha wiki 12 baada ya dawa hakikuona virusi. Sasa lehemu imepanda ambayo haikuwahi kuwa juu. Dawa imeniharibu?

Hongera. Dawa haijakuharibu, imekuonyesha lehemu yako halisi. Virusi vya C husafiri kwa kujibanza kwenye chembechembe za mafuta za damu na huvuruga utengenezaji wake, kwa hiyo aliye navyo mara nyingi huonekana na lehemu mbaya ya chini. Vikiondoka, LDL, yaani hiyo lehemu mbaya, hupanda. Rudia kipimo baada ya miezi mitatu hivi, kisha daktari akadirie hatari yako ya moyo upya kwa namba za sasa. Zile za zamani zilikuwa za kudanganya.

Kama una kisukari, upande wa pili nao uangalie: sukari huweza kushuka tangu wiki za mwanzo za tiba, na anayetumia insulini au glibenclamide akajikuta anatetemeka na kutoka jasho. Pima mara nyingi zaidi, na dozi ipunguzwe na daktari.

Niliwekewa stenti miezi minne iliyopita. Baba mkwe ananiambia nisubiri mwaka mzima ndipo nitibu ini. Ana haki?

Mwambie baba mkwe, kwa heshima zake zote, kwamba hakuna kanuni ya mwaka mzima. Virusi hivi vyenyewe huongeza uvimbe wa ndani ya mishipa na vinahusishwa na magonjwa ya moyo, kwa hiyo kuvibeba kwa miezi zaidi hakuupi moyo wako zawadi yoyote. Kinachotakiwa ni hali iliyotulia: huna maumivu ya kifua ukitembea, hujalazwa wiki za karibuni, na dawa zako za moyo hazibadilishwi kila ziara. Ukiwa hapo, nenda na orodha kamili ya dawa pamoja na dozi zake, ukionyesha hasa kama umo kwenye amiodarone au uliwahi kuitumia tangu stenti iwekwe. Wakati mwingine huanzishwa wodini kwa siku chache, mgonjwa akatoka bila kulijua jina lake. Omba karatasi yako ya kuruhusiwa uisome mwenyewe. Dawa za kuzuia damu kuganda kwenye stenti usiziache hata siku moja kwa ajili ya tiba ya ini.